Tunakunywa Lebo

Nataka kusema wazi tangu mstari wa kwanza: wengi wetu tunaojidai kupenda wiski hatuipendi wiski. Tunapenda lebo. Tunapenda rangi ya karatasi iliyobandikwa kwenye chupa, namba iliyoandikwa juu yake, na macho ya meza ya jirani yanayogeuka pale mhudumu anapoileta. Kilichomo ndani hatukijui, na jambo baya zaidi ni kwamba hatutaki kukijua. Mtu mzima anayeweza kukwambia kwa funda moja kwamba mbege hii imezidi msesewe, au ndizi zake hazikuiva sawasawa, akishikishwa glasi ya wiski hugeuka mtoto wa darasa la kwanza: anangoja kuambiwa aseme nini.

Msomaji ambaye dini yake au afya yake haimruhusu kunywa asiniache hapa. Mimi mwenyewe ni mtu wa toti mbili Jumamosi jioni, na mke wangu huzihesabu. Siandiki ili kumshawishi yeyote anywe. Naandika kwa sababu nilitoka chuo cha ualimu nikiwa kijana, nikafundisha, nikaongoza shule mpaka nikastaafu, na ugonjwa ninaousema hapa ni ule ule niliopambana nao darasani miaka yote hiyo, yaani kunakili jibu la mwenzio kisha kuinua mkono kwa kujiamini.

Heshima hii kubwa ya wiski kwetu ilitoka wapi? Haikutoka kwenye ulimi. Mwaka 1890 mataifa makubwa yalitia saini Mkataba wa Brussels, na mwaka 1919 yakaongeza mwingine wa Saint-Germain-en-Laye. Pamoja na mambo mengine, mikataba hiyo ilizuia biashara ya pombe kali kwa Waafrika katika sehemu kubwa ya bara hili. Huku Afrika Mashariki serikali za kikoloni zikatunga sheria kwa msingi huo: Mzungu anaweza kununua wiski, Mwafrika hawezi, na mambo yakawa hivyo mpaka katika miaka ya 1950. Mimi nilizaliwa sheria hizo zikiwa bado zinafanya kazi. Baba yangu alikuwa na shamba la kahawa, watoto shuleni na kiti chake kanisani, lakini mbele ya sheria hakuwa mtu mzima wa kutosha kushika glasi aliyoshika kijana wa Kizungu aliyeteremka melini wiki iliyopita.

Basi marufuku ilipoondolewa, na Uhuru ukaja, aliyekalia kiti cha bwana mkubwa alichukua na glasi yake. Simlaumu. Kitu ulichonyimwa kwa sababu ya ngozi yako, siku ukikipata huulizi kama ni kitamu. Lakini tazama alichokirithi. Alirithi chupa, alirithi namna ya kukaa na kukunja nne, alirithi hata kule kukohoa kidogo baada ya funda la kwanza. Ladha hakuirithi, maana ladha hairithiwi kama kiti. Zaidi ya miaka 60 imepita, na wajukuu wa bwana yule bado wanaagiza kwa jina alilolitaja babu, wakikunja uso kwa uchungu na kusema, "Hii ndiyo yenyewe."

Na huyo bwana mkubwa wa kwanza, Mzungu mwenyewe, alikuwa anakunywa nini? Gongo. Gongo iliyopata leseni.

Sisemi hivyo kwa matusi, ni historia. Hesabu za hazina ya mfalme wa Scotland za mwaka 1494 zinaonyesha kimea kilichotolewa kwa mtawa aitwaye John Cor ili atengeneze "maji ya uzima". Kwa lugha ya Kigaeli maneno hayo ni uisge beatha, na hapo ndipo lilipotoka neno wiski. Baadaye, kodi zilipopanda, wakulima wa milimani walipika kwa siri mabondeni, wakiwakimbia maofisa wa ushuru kama wapikaji wetu wanavyolikimbia gari la polisi. Mwaka 1822 Mfalme George wa Nne alipotembelea Edinburgh alitengewa wiski ya bonde la Glenlivet, nayo wakati ule ilikuwa mali ya magendo. Mfalme kanywa gongo! Mwaka uliofuata sheria ikalegezwa na ushuru ukapunguzwa. Mwaka 1824 mkulima mmoja, George Smith, akachukua leseni katika bonde lile lile, na majirani zake walioendelea kupika kwa siri wakamchukia kiasi kwamba alitembea na bastola mbili kiunoni.

Hapa nisieleweke vibaya. Gongo ya vichakani imepofusha na kuua watu wetu, na sitanii juu ya jambo hilo. Kilichoibadili ya Scotland ni sheria yenye akili, usimamizi, na miaka ya kukaa kwenye pipa. Ninachokataa ni ile imani kwamba kinywaji hiki kilishuka kutoka mbinguni kikiwa tayari kimevaa suti, na kwamba sisi kazi yetu ni kukipokea kwa magoti.

Imani hiyo ina amri zake. Amri ya kwanza: usitie maji.

Nilikuwa nimekaa katika baa moja ya mjini, nimeagiza toti yangu na birika dogo la maji. Nilipomimina kijiko kimoja, bwana mmoja wa meza ya pili, mdogo kwangu kwa miaka 30 hivi, akainuka kabisa kwenye kiti. "Shikamoo Mwalimu. Samahani, lakini unaiharibu!" Nikamjibu marahaba, nikamkaribisha akae, nikamuuliza swali la hesabu. Wiski ikitoka kwenye pipa aghalabu huwa na kilevi cha karibu asilimia 60, wakati mwingine zaidi. Kwenye chupa aliyokuwa nayo mezani pake imeandikwa asilimia 40. Hizo 20 zimekwenda wapi? Akanyamaza. Zimekwenda kwenye maji, kijana wangu. Ukiwa na lita 100 zenye asilimia 60 na unataka zifike 40, unaongeza lita 50 za maji, ukiacha vipunguzo vidogo vya kikemia. Mwenye kiwanda ameshatia maji kabla yako, ametia mengi, na wewe umeyalipia kwa bei ya wiski. Kijiko changu cha tatu ya jioni kimeharibu nini?

Na wale wanaofanya kazi ya kunusa na kuchanganya wiski, watu wanaolipwa kwa pua zao, huipunguza kwa maji mpaka karibu asilimia 20 ndipo waichunguze, kwa sababu kilevi kikali huziba pua. Mwaka 2017 wanasayansi wawili wa Chuo Kikuu cha Linnaeus huko Sweden walitumia kompyuta kuchunguza mwendo wa molekuli moja iitwayo guayakoli, ambayo ni miongoni mwa zinazoipa wiski harufu ya moshi. Waliona kwamba kilevi kikiwa kingi sana molekuli hiyo huzama ndani ya kinywaji, na kikipunguzwa kwa maji hupanda juu, karibu na pua ya mnywaji. Wazee wa Scotland wanaoweka birika la maji mezani walilijua jambo hilo bila kompyuta. Sisi huku, tuliofundishwa na watu waliofundishwa na watu waliosikia, ndio tunaolinda ukavu wa glasi kuliko wenyewe.

Je, mtu akitia soda? Atie. Barafu? Atie, ingawa mimi siitaki kwa sababu baridi huua harufu. Wajapani hunywa wiski yao na maji ya soda na barafu mpaka juu ya glasi, wakati wa chakula, na hakuna anayewaambia kwamba hawajui. Hawa Wajapani nawapenda, maana walikuwa wanafunzi wa kweli. Mwaka 1918 kijana mmoja, Masataka Taketsuru, alisafiri mpaka Glasgow kusoma kemia, akafanya kazi katika viwanda vya Scotland, akaandika kila kitu katika madaftari, akaoa huko, akarudi kwao. Mwaka 1923 kiwanda cha Yamazaki kilianza kujengwa, naye akiwa mtaalamu wake. Mwaka 1934 akaanzisha kampuni yake, ile ambayo leo tunaijua kwa jina la Nikka. Alikopa elimu, ulimi hakukopa. Alipofika nyumbani wenzake walipunguza moshi, wakatafuta wepesi unaokwenda na samaki na wali, na leo watu wa Scotland wananunua chupa za Japani kwa bei ambayo sitaitaja hapa, mke wangu atasoma.

Amri ya pili ni umri, nayo nitaipitia haraka kwa sababu inahitaji maelezo machache tu. Namba iliyo kwenye chupa ni umri wa wiski changa kuliko zote zilizomo humo, na miaka inayohesabiwa ni ya ndani ya pipa. Ikishaingia kwenye chupa haizeeki tena. Ile uliyoificha kabatini tangu harusi ya kwanza ina umri ule ule. Tena mwaka mmoja wa baridi si sawa na mwaka mmoja wa joto. Scotland pipa hupoteza kwa mvuke kiasi cha asilimia 2 kwa mwaka. Bangalore, India, wanakotengeneza Amrut, hupoteza zaidi ya asilimia 10, na mti wa pipa hufanya kazi yake kwa kasi inayolingana na hiyo. Wakisubiri miaka 18 watakuta pipa tupu. Namba kubwa basi inakwambia jinsi mwenye kiwanda alivyosubiri. Kama alisubiri kitu kizuri, hiyo ni habari nyingine. Nimeonja wiski za uzee mkubwa zilizobaki na ladha ya mbao tu, kama kulamba dawati.

Amri ya tatu ni ile ya kudharau wiski ya kuchanganywa. Utamsikia mtu aliyejifunza neno jipya mwaka jana akisema hanywi isipokuwa ile ya kimea kitupu kutoka kiwanda kimoja. Ugomvi huu una zaidi ya miaka 100 na uliamuliwa zamani. Mwaka 1905 halmashauri ya Islington, London, iliwashitaki wauza pombe kwa kuuza kama wiski kinywaji ambacho sehemu yake kubwa ilitokana na nafaka nyingine, kilichopikwa katika mitambo ile mirefu ya nguzo aliyoipatia hataza Aeneas Coffey mwaka 1830. Kelele zikawa nyingi mpaka serikali ikaunda tume mwaka 1908 kuuliza swali moja: wiski ni nini? Mwaka 1909 tume ikajibu kwamba zote mbili ni wiski. Sehemu kubwa ya wiski ya Scotland inayonywewa duniani ni hiyo ya kuchanganywa, na anayeichanganya ana kazi ngumu kuliko mnavyodhani: mapipa yake hubadilika kila mwaka, lakini mteja akifungua chupa anataka kukutana na ladha ile ile aliyoiacha. Mwalimu wa kwaya ananielewa.

Amri ya nne ndiyo inayonikera kuliko zote, kwa sababu imegeuzwa jando. Kuna kisiwa kiitwacho Islay, magharibi mwa Scotland, na pwani yake ya kusini kuna viwanda vitatu vilivyofuatana: Laphroaig, Lagavulin na Ardbeg. Huko kimea cha shayiri hukaushwa kwa moshi wa piti, udongo mweusi wa mimea iliyooza majini kwa maelfu ya miaka, ambao hukatwa, hukaushwa na kuchomwa kama kuni. Moshi ule hubaki mpaka kwenye glasi. Basi vijana wetu wenye kazi nzuri wamesikia kwamba hiyo ndiyo wiski ya wanaume. Humwekea mgeni toti, wamtazame usoni. Akikunja uso, wanacheka: bado hujakua.

Mimi nakunja uso, na nimekua. Nilizaliwa katika nyumba ambayo moto wa kuni uliwaka katikati, ndizi zikiivia darini juu ya moshi, na nguo yangu ya shule ilinuka moshi mpaka darasa la saba. Kwa mtu aliyekulia mjini kwenye jiko la gesi moshi huo ni safari ya kitalii. Kwangu mimi ni kurudishwa jikoni kwa bibi kukoka moto. Na ukiacha moshi, ile harufu ya dawa ya vidonda inayofuata hunipeleka moja kwa moja zahanati. Lakini nina rafiki wa Tanga, fundi mitambo wa meli aliyestaafu, ambaye haagizi nyingine. Anasema akiinusa anaona kamba, lami na maji ya chumvi, anaona ujana wake. Nikimtembelea huniwekea toti yangu ya kawaida, naye hujiwekea moshi wake, tunakaa barazani mpaka mbu watufukuze. Hajaniambia hata siku moja kwamba sijakua. Yeye anajua anachokipenda na kwa sababu gani, na mtu wa namna hiyo hana haja ya kumcheka mwingine.

Sasa nitasema ninachokipenda mimi, maana mwalimu anayekosoa majibu yote bila kuandika la kwake ubaoni hafai.

Nafasi ya kwanza naipa wiski ya chungu ya Ireland, ile ambayo ndani yake kimea cha shayiri huchanganywa na shayiri mbichi isiyooteshwa, kisha ikapikwa katika vyungu vya shaba, aghalabu mara tatu. Mchanganyiko huo ulipata nguvu katika karne ya 18 kwa sababu serikali ya Uingereza ilitoza kodi kwenye kimea. Waayalandi wakatumia shayiri ambayo haijawa kimea, kodi ikapungua, na bila kutarajia wakapata kinywaji kizito, laini, chenye mafuta kidogo mdomoni na uchangamfu kama wa tangawizi mwishoni. Redbreast ya miaka 12 ni mfano mzuri. Mwanafunzi wangu wa zamani anayefanya kazi ughaibuni huniletea chupa moja kila akija likizo, na nikiinywa nakumbuka uji wa ulezi uliokaa siku moja ukachachuka kidogo. Mtu wa Dublin atakumbuka kitu kingine. Na nyumba hiyo ya Ireland, iliyokuwa kubwa kuliko zote duniani katika karne ya 19, ilikaribia kuzimika: mwanzoni mwa miaka ya 1980 vilibaki viwanda viwili tu vinavyofanya kazi katika kisiwa kizima, Midleton na Bushmills. Ladha niipendayo kuliko zote ingeweza kufa kabla sijaionja, kwa sababu tu ulimwengu ulikuwa umeshaambiwa kwamba wiski ya heshima ni ya Scotland.

Nafasi ya pili, msinicheke, ni bourbon ya Marekani. Sheria yao inadai nafaka yake iwe na mahindi yasiyopungua asilimia 51, na ikae katika mapipa mapya ya mwaloni yaliyounguzwa ndani kwa moto. Rangi ya kuongeza hairuhusiwi, wakati wenzao wa Scotland wameruhusiwa kutia rangi ya sukari iliyounguzwa. Matokeo yake ni harufu ya vanila, ya sukari guru, ya hindi lililochomwa likaungua upande mmoja. Sisi ni watu wa mahindi asubuhi, mchana na jioni. Iwapo kuna wiski duniani ambayo ulimi wa Mwafrika Mashariki ungeitambua kama ndugu, ni hiyo. Lakini ingia kwenye vilabu vyetu useme unapenda bourbon, utaambiwa hiyo ni sukari ya Wamarekani.

Jirani na bourbon iko ile ya Tennessee, ambayo huchujwa kwenye mkaa kabla ya kuingia kwenye pipa, na jina lake kubwa ni Jack Daniel. Nani alimfundisha Jack Daniel kupika? Nathan Green, aliyeitwa Nearest, mtu mweusi aliyekuwa mtumwa katika mji wa Lynchburg. Baada ya utumwa kufutwa alikuwa mpikaji mkuu wa kwanza wa kiwanda cha mwanafunzi wake. Kampuni ililitambua jambo hilo hadharani mwaka 2016, yaani zaidi ya miaka 100 tangu kiwanda kianze. Nikiwasimulia wenzangu habari hizo huwa wanaishika chupa na kuitazama upya, wakitafuta jina lake. Halimo kwenye lebo. Lilikuwa kwenye ladha muda wote.

Nilipochoka kubishana kwa maneno, nikatunga mtihani. Katika mitihani ya taifa mtahiniwa huandika namba badala ya jina, ili msahihishaji asijue kama huyu ni mtoto wa waziri au wa mkulima. Nikawaalika wastaafu wenzangu watano. Nikamimina wiski nne jikoni, nikaandika namba chini ya glasi, nikawapa karatasi na kalamu, nikapiga marufuku kuongea. Mmoja wao, mtu wa vikao na makamati, alikuwa ameapa kwa miaka kwamba anaweza kuitambua "yake" hata akifungwa kitambaa. Aliipa alama 3 katika 10, akaandika pembeni kwa mwandiko mzuri: "haina hadhi." Alama 9 aliipa ile ya bei ya chini kuliko zote mezani. Nilipogeuza glasi alisema nimezichanganya namba. Tukarudia. Akashindwa tena, akaomba radhi kwamba ana mafua.

Mambo kama hayo yametokea kwa wakubwa pia. Januari 2010, huko Leith, katika Scotland yenyewe, gazeti moja liliandaa onjo la kuficha majina. Iliyoshinda wiski za Scotland zilizokuwa mezani ni Kavalan ya Taiwan, kutoka kiwanda kilichoanza kupika mwaka 2006 tu. Lakini waonjaji wale walikubali na kucheka, na jina la Kavalan likapanda. Rafiki yangu wa mafua hajanisamehe.

Mtu atauliza: Mwalimu, hasara iko wapi? Mwache mtu anunue lebo kwa fedha yake. Ingekuwa fedha yake ningenyamaza.

Kwanza, anayekunywa lebo ni rahisi kuuziwa lebo. Kuna kijana hupita mtaani kwetu na gunia akinunua chupa tupu. Za soda na bia hutoa bei ya kawaida. Ya wiski yenye jina kubwa, ikiwa na kizibo chake na lebo isiyochanika, hutoa bei ambayo ningeweza kununulia kuku. Nilimuuliza za kazi gani, akatazama chini, akasema, "Kuna watu wanazihitaji, babu." Tangu siku hiyo nachana lebo kwa kisu kabla ya kuitupa chupa. Anayejaza chupa hizo anajua mteja wake hatainusa, ataipiga picha. Na siku kilichojazwa kitakuwa spiriti ya kiwandani, si mfuko utakaoumia, ni macho.

Pili, fedha yenyewe mara nyingi si ya mnywaji. Siku hizi katika orodha ya mahari, baada ya mbuzi, blanketi la bibi na pipa la mbege, vitu vyenye maana inayojulikana na kila mzee, umeingizwa mstari mpya: chupa za wiski, umri usipungue miaka 12, na jina limetajwa. Nimeona orodha ambayo jina lilipigiwa mstari chini. Mpwa wangu, mwalimu wa shule ya msingi mwenye mwaka wa tatu kazini, alichukua mkopo kwenye chama cha akiba na mikopo kwa ajili ya chupa mbili za namna hiyo, akakatwa mshahara kwa miezi kadhaa. Siku ya kupeleka, washenga waliziweka mezani lebo zikitazama wageni. Wazee wa upande wa pili, wote wanywaji wa mbege, walionja kidogo kwa heshima, wakakunja uso, wakamiminiana soda juu yake mpaka rangi ikapotea, kisha wakaomba kata ya mbege. Chupa ya pili haikufunguliwa. Nasikia imeshapelekwa kwenye posa nyingine.

Mwaka huu ni zamu yetu kupokea. Mjukuu wangu anaolewa na kijana wa watu, fundi umeme, na ukoo umekaa kuandaa orodha. Ndugu zangu wameandika chupa tatu. Nilipewa karatasi niipitie kwa kuwa mimi ndiye mkubwa, nikaukata mstari huo kwa kalamu nyekundu, nikaandika pembeni: "Kila mzee aje na kinywaji chake, na aseme kwa nini anakipenda." Mdogo wangu amenipigia simu mara mbili. Anasema watu watatuonaje. Nimemwambia karatasi imeshapelekwa kwa mshenga, na kwamba yeye namkaribisha Jumamosi aje mapema, kabla ya wengine. Glasi zake nne nimeshaziandika namba.